Goti Lisilofungwa Bendeji

Watu wanaopenda mpira hudhani timu hujengwa uwanjani. Wapi! Timu hujengwa wiki mbili baada ya ligi kuisha, wachezaji wakiwa likizo, ndani ya chumba chenye feni moja inayozunguka siku ikijisikia, na anayeshika mkasi ni mimi. Nimekuwa karani wa klabu yetu miaka kumi na tisa. Makocha tisa wamepita, wenyeviti wanne, na wote wamenikuta kwenye kiti kile kile na mdomo huu huu. Kwa hiyo nikikupa habari za mchua misuli wetu, usiniulize nani kanisimulia. Nilikuwepo, na lawama zangu ninazo.

Tulimwita Mjomba, klabu nzima, kuanzia mwenyekiti mpaka mama anayefua jezi. Sababu ni kwamba nahodha wetu, beki wa kati tuliyempa jina la Nguzo, alikuwa mpwa wake wa damu, mtoto wa dada yake. Baba wa mtoto aliaga asubuhi moja kwamba anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anatafuta. Nguzo alikuwa na miaka minne. Mjomba wakati huo alikuwa kijana, winga mwenye mbio, lakini kifundo cha mguu kilikuwa kimeshavunjwa mara mbili, na mara ya tatu kikamtoa uwanjani kabisa. Akajifunza kuchua misuli kwa mzee aliyemtibu, na mshahara wa kazi hiyo ndio uliomlea mpwa wake. Hakuoa. Tukimtania, alikuwa akijibu kwamba ana mguu mbovu, kazi mbaya na mtoto tayari, sasa mke aje kufanya nini.

Chumba chake kiko chini ya jukwaa, unainama kuingia. Kuna kitanda cha mbao kilichofunikwa ngozi bandia iliyochanika pembeni, ndoo mbili, kamba ya taulo, na rafu ya chupa za mafuta. Mikono yake ilikuwa mikubwa kupita mwili wake. Aliweza kumshika mchezaji paja akamwambia jana ulilala vibaya, au jana hukulala kabisa, na huyo mchezaji akaanza kuomba asimwambie kocha.

Alikuwa na ujanja mmoja aliourithi kwa yule mzee wake. Washambuliaji wa timu pinzani husoma bendeji. Wakiona goti limefungwa, wanajua pale ndipo pa kupiga, na refa akigeuka wanapiga kweli. Basi Mjomba alikuwa anafunga goti zima na kuliacha bovu likiwa wazi. Nguzo aliumia goti la kulia misimu mitatu nyuma, na tangu siku hiyo hakucheza mechi, hakufanya mazoezi, hakupiga picha bila bendeji nene nyeupe kwenye goti la kushoto. Siri hiyo waliijua wawili tu. Kocha alikuwa na misimu miwili kwetu, naye aliamini macho yake. Mimi pia niliamini yangu.

Sasa nikueleze meza. Tangu mwenyekiti huyu aingie madarakani, fungu la mishahara ya msimu lina kikomo, na kikomo chake hakisogei hata ukilia. Kocha wetu ni mtu wa mpira, hesabu zinamtoa jasho. Ukimpa karatasi yenye safu za tarakimu, anaitazama kama aliyeletewa barua ya mahakama. Ndipo nikabuni kitu. Urefu wa meza ya mkutano ndio fungu lote la mishahara. Kila mchezaji namkatia ukanda wa kadibodi, mshahara mkubwa ukanda mrefu, mdogo ukanda mfupi, naandika jina lake, na tunazipanga zikifuatana kutoka ukingo huu mpaka ule. Anayekosa mahali pa kulala mezani, huyo katemwa. Mwaka mmoja dirisha lilikuwa wazi, upepo ukapita, ukamwangusha chini ya kabati mtu na mke wake na watoto wanne. Tulicheka, tukamwokota. Baadaye nilijisikia vibaya, maana yeye mwenyewe alikuwa nyumbani kwake anangoja simu yangu.

Msimu ninaousema, Nguzo alikuwa na miaka thelathini na mmoja na mkataba wake umekwisha. Aliomba miaka miwili kwa mshahara wa juu kuliko wote. Kocha alikuwa tayari kumpa, ila alitaka kwanza uhakika wa goti, kwa sababu mwisho wa ligi alimwona akishuka ngazi kwa kushika ukuta. Mwenyekiti akakubali apelekwe hospitali akalale ndani ya ile mashine inayoona mpaka ndani ya maungio. Kipimo ni ghali, na mwenyekiti wetu ni mkono wa birika, akasema klabu italipia goti moja, lile linalosumbua. Fomu nikajaza mimi. Sikumuuliza mtu. Nilifungua albamu ya picha za msimu, nikaona bendeji kushoto, kushoto, kushoto, nikaandika goti la kushoto kwa mwandiko wangu mzuri.

Nguzo akaenda, akalala ndani ya mashine, akanyamaza. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Nani angenyoosha kidole akasema samahani daktari, kasoro yangu iko upande wa pili? Majibu yalikuja kwenye bahasha ya kahawia. Goti la kijana wa miaka ishirini, daktari aliandika. Kocha alinikumbatia, mtu ambaye hajawahi hata kuniuliza habari za asubuhi.

Kikao tukakaa watu wanne: mwenyekiti, kocha, mimi na mkasi wangu, na Mjomba. Yeye huitwa kila mwaka kutoa hali za miili, na kwa kawaida maneno yake ni machache. Huyu mzima. Huyu apumzike mwezi. Huyu, jamani, mwacheni akalime. Ukanda wa Nguzo ulikuwa mrefu kuliko zote, tukaulaza katikati. Kwa kuwekwa ule, nyingine zikasogea, na upande wa dirishani akaanguka kipa wa pili, mtu mpole wa miaka thelathini na mitatu ambaye hajawahi kuchelewa mazoezi hata siku moja. Kocha alimtazama pale sakafuni akasema pole yake. Habari za Nguzo hakumuuliza Mjomba kabisa, maana hospitali ilishasema.

Nilimwona Mjomba anaviringisha taulo mikononi, anaifungua, anaiviringisha tena. Nadhani angenyamaza. Kilichomfungua mdomo ni kocha kusema kwamba kwa mshahara huo Nguzo itabidi acheze mechi zote, bila mapumziko, kwa kuwa pesa ya beki mwingine haipo.

"Mwenyekiti," akasema, "goti mlilolipiga picha silo."

Akaeleza yote, bendeji, misimu mitatu, mpaka jinsi goti la kulia linavyosaga chini ya kiganja. Niliikumbuka fomu niliyoijaza. Kocha alikasirika, si kwa sababu ya goti, bali kwa kuwa alichezewa shere miaka miwili na watu anaokula nao meza moja. Mjomba hakujitetea. Alisema kijana akicheza msimu mwingine kwa mwendo ule hatatembea sawasawa maisha yake yote, na ikiwezekana wampe kazi ya kufundisha timu ya vijana, mshahara mdogo utamtosha. Mwenyekiti akasema watalifikiria. Mimi namjua mwenyekiti. Mambo yake ya kufikiria yamejaa kwenye mafaili, hakuna hata moja lililowahi kutoka na jibu. Kocha akauchukua ukanda wa Nguzo, akaukunja mara mbili, akautia mfukoni. Kipa wa pili akarudi mezani. Kikao kikafungwa kabla chai haijapoa.

Barua ya kumwacha nahodha niliichapa mimi. Alikuja kuichukua kesho yake, akaisoma akiwa amesimama, akateremka kwenda kwenye chumba cha Mjomba. Nikamfuata na fomu ya kurudisha vifaa, ndiyo, na umbea pia, sitadanganya. Mjomba alikuwa anakamua taulo. Nguzo hakupaza sauti. Alisema mtu baki angemsitiri, aliyemwanika ni damu yake mwenyewe. Mjomba akaanza kumweleza habari za mguu, na uzee, na kazi ya kufundisha vijana. Nguzo akamuuliza kazi ipi, mbona mwenyekiti hajamwambia lolote. Mpwa akasaini fomu yangu juu ya kitanda cha kuchulia, akaondoka.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi. Kwa miaka yote ile Mjomba alikuwa anakula chakula cha jioni kwa dada yake. Alikuwa na kiti chake, bakuli lake, na mto wa kuegemea mgongo. Siku ya tatu dada akamsimamisha mlangoni, akamwambia, "Kaka, usije kwanza. Mwanangu akikuona hali chakula." Alinisimulia mwenyewe, akicheka kidogo kama mtu anayesimulia habari za jirani. Nikaanza kumwona anakula mkate mkavu na chai chumbani mwake, peke yake, mlango ameurudisha. Mashavu yakaingia ndani. Wachezaji walipoanza maandalizi ya msimu mpya, alikuwa akimchua mmoja huku akimwita kwa jina la mpwa wake, na yule mchezaji anaitika tu kwa heshima.

Nilimwambia avumilie. Nilimwambia hasira za kijana ni moto wa makaratasi, na mama akimtetea mwanawe si kosa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akanijibu kwamba naye alikuwa mzazi, ila hakuzaa.

Nguzo naye alikuwa anahangaika kutafuta timu. Klabu nne zilimkataa kwa umri. Ya tano ilimtaka, iko mbali, safari ya siku nzima. Lakini lazima ujue desturi ya wachua misuli. Daktari anaandika anacholipiwa kuandika, kila mtu anajua. Timu ikitaka kumsajili mtu, mchua misuli wao anampigia mchua misuli wa timu ya zamani, na pale panasemwa kweli tupu, hata kama inaua biashara. Hawana chama wala cheti, wana hiyo tu. Mjomba alikuwa anajivunia kwamba katika miaka ishirini na mitano hajawahi kumdanganya mwenzake kwenye simu.

Simu ilikuja ofisini kwangu siku mbili kabla dirisha la usajili halijafungwa. Nikamwita, akaja na mafuta mikononi, akashika mkonga wa simu kwa karatasi. Mimi nikajitia hamnazo, nabana makaratasi kwa stepla. Nilimsikia akisema ndiyo, ni mpwa wangu. Akasema kwetu ameachwa kwa sababu ya mshahara tu. Halafu yule wa upande wa pili bila shaka akauliza swali lenyewe. Mjomba aligeukia ukuta.

"Magoti yote mawili mazima," akasema. "Msajilini."

Alipoweka simu chini hakuondoka. Alisimama pale akaniambia dada yake hajamsemesha siku hamsini na mbili. Alikuwa anazihesabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo naijua tangu shule, ilinijia mpaka kwenye ulimi. Namba ya yule mtu ilikuwa bado inaonekana kwenye simu. Ningebonyeza kitufe kimoja tu. Badala yake nikamwambia nenda kanawe mikono, unachafua ofisi yangu. Ukweli ni kwamba nilimfurahia. Nilikuwa nimechoka kumwona anakula mkate.

Nguzo alisajiliwa Ijumaa. Jumapili Mjomba alikuwa kwenye kiti chake kwa dada yake, ameegemea mto wake. Dada alipika kama mtu anayetarajia ugeni. Nguzo alipiga simu kutoka huko aliko, akaongea na mama yake, kisha akasema nipe Mjomba. Alijua kilichofanywa kwa ajili yake. Alimwambia asante, na Mjomba akawa anamwelekeza jinsi ya kulaza mguu, jinsi ya kulipasha goti moto kabla ya mazoezi, asikimbie kwenye ardhi kavu, asiruke bila sababu. Kila wiki alikuwa anamtumia chupa ya mafuta kwa basi. Wiki tano za mwanzo wa ligi alinenepa, akawa anapiga miluzi akifua taulo, na mimi nikajiambia pengine Mungu amefumba jicho moja.

Mechi ya sita ilikuwa Jumamosi alasiri. Sisi hatukuwa na mchezo, tukasikiliza redio chumbani mwake, mimi kwenye ndoo iliyogeuzwa, yeye kwenye kitanda. Dakika ya sabini na kitu mtangazaji akasema beki wa kati yuko chini. Akasema jamani, hakuna aliyemgusa, ameruka peke yake na kutua peke yake. Mjomba alinyoosha mkono akaizima redio kabla jina halijatajwa. Tulikaa vile mpaka mama wa jezi akaja kuuliza kama tunafunga.

Ile klabu ilimpiga picha magoti yote mawili. Wakaona kidonda cha miaka, wakasema aliwaficha, wakavunja mkataba, na kwa sheria walikuwa na haki. Yule mchua misuli wao alipiga tena ofisini kwangu. Hakutaka kuongea na Mjomba. Alisema nimfikishie tu kwamba asimpigie tena maishani, yeye wala wenzake. Nikamfikishia. Aliitikia kwa kichwa, kama umempa ratiba ya mazoezi.

Nguzo alipasuliwa goti mara mbili. Alirudi kwa mama yake na magongo, na mguu wa kulia haukunjiki tena. Umenyooka tu. Akikaa kwenye kiti, watu wanauruka kupita. Mjomba alikuwa anatoka kazini moja kwa moja kwenda kumchua, kila siku, saa nzima, bila kukosa. Dada yake hakumfukuza mara hii. Alimfungulia mlango, akampa chakula, akamwambia karibu kaka, pole na kazi. Mjomba aliwahi kuniambia kwamba matusi yangekuwa nafuu.

Nilikwenda kumwona mgonjwa Jumapili moja mchana, na machungwa kwenye mfuko. Nguzo alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, mguu juu ya mto. Mjomba amepiga magoti pembeni, mafuta mpaka kwenye viwiko, anajaribu kulikunja lile goti taratibu. Lilikwenda kidogo, likagoma. Akajaribu tena. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo, maji yanasikika. Nilitaka kuomba radhi kwa ajili ya fomu ile niliyoijaza, maneno niliyapanga njia nzima, na nilipofika nikasema tu nimeleta machungwa.

Nguzo alikuwa anatazama dari. Akasema bila hasira, kama anayeuliza njia.

"Mjomba, siku ile ulipowaambia ukweli, nilikuchukia sana."

"Najua."

"Ningekuchukia mwaka mmoja, labda miwili. Halafu ningekuja kukuomba radhi, natembea kwa miguu yangu. Ulitakiwa kuvumilia tu."

Jikoni maji yakanyamaza. Mjomba hakuinua uso, na mikono yake haikuacha kuchua.

"Nilijaribu, mwanangu," akasema. "Nilishindwa."